Maswali Matatu ya Shauri Moja: Utangulizi kwa Anayejiunga na Timu ya Mahakama Igizo na Usuluhishi

Tuseme kuna shamba la migomba na kahawa huko Keza, wilayani Ngara. Mume amefariki, mjane analilima kama alivyolilima miaka yote ya ndoa. Asubuhi moja shemeji yake, mdogo wa marehemu, anang'oa minyaa ya mpakani na kutangaza kwamba kipande cha bondeni ni cha ukoo, marehemu alipewa akitumie tu. Mjane anasema mumewe alikinunua, na karatasi anayo. Shauri hili nimelibuni, ila mtu asiyewahi kusikia mfano wake hajakaa Ngara wala Biharamulo.

Shauri hilo unaweza kuliuliza maswali matatu. Kwanza, kilitokea nini? Kipande kilinunuliwa au hakikununuliwa, na nani aliona? Pili, sheria inasemaje? Hata kikiwa cha ukoo, je, ndugu wa mume anaweza kumwondoa mjane? Tatu, watu hawa ambao kesho watakutana kisimani, kanisani na kwenye msiba wa jirani, wanahitaji nini ili maisha yaendelee? Vyuoni kila swali limetengenezewa zoezi lake. Swali la kwanza lina kesi igizo, yenye mashahidi na vielelezo. La pili lina rufaa igizo, ambayo wanafunzi wetu wameizoea kwa jina la mooti: mabishano ya sheria tupu mbele ya jopo la majaji. La tatu lina usuluhishi igizo, meza isiyo na hakimu.

Wewe uliyeandikisha jina kwenye timu inayofanya yote matatu, karibu. Utafundishwa namna ya kujibu kila swali, na hilo linafundishika. Kinachochukua miaka ni kutambua, mbele ya shauri lenye watu halisi ndani yake, ni swali lipi kati ya hayo linalostahili kuulizwa. Wanasheria wazoefu hukosea hapo. Wanakimbilia mahakamani na jambo lililohitaji kikao, au wanawasukumia kikaoni watu waliohitaji hukumu. Kila nitakachosema humu kinaelekea huko, hata pale nitakapoonekana ninazungumzia namna ya kusimama na kuuliza.

Nianze na kesi igizo, kwa kuwa ndiyo inayowavuta wengi. Timu hupewa jalada moja: hati ya mashtaka au ya madai, maelezo ya mashahidi, vielelezo vichache. Hakuna ruhusa ya kuongeza jambo lisilomo. Wenzako wengine watakuwa mawakili, wengine watakuwa mashahidi, na usiwadharau hao wa pili. Shahidi aliyeishika nafsi ya mtu anayemwigiza huwapa mawakili wa upande wake nusu ya ushindi. Shahidi huongozwa kwanza na wakili aliyemwita, kisha hudodoswa na wakili wa upande wa pili, kisha hurudi kwa wakili wake kusafisha yaliyochafuka. Mpangilio huo ni ule ule wa Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967, na masharti yake mawili yatakusumbua mwanzoni kuliko yote. Huruhusiwi kumtia shahidi wako maneno mdomoni. Na shahidi haelezi alichosimuliwa. Anaeleza alichokiona, alichokisikia kwa masikio yake, alichokishika.

Turudi kwenye minyaa. Wakili wa mjane anamsimamisha jirani. Akiuliza, "Ulimwona marehemu akipanda minyaa hii baada ya kununua kipande, sivyo?" atapingwa, na mwenye kupinga atakuwa sahihi, kwa sababu jibu limeshatoka kinywani mwa muulizaji. Aseme: "Nani aliyepanda minyaa ile? Ulikuwa wapi alipokuwa akipanda? Nani mwingine alikuwepo?" Jirani ataleta habari mwenyewe, na mahakama itamwamini kwa kuwa imemsikia akizileta.

Kwenye kudodosa mambo hugeuka. Hapo wakili ndiye anayesema na shahidi ndiye anayekubali au kukataa. Kila swali libebe jambo moja tu, fupi, unalolijua tayari. "Siku ya makubaliano ulikuwa Rulenge?" Ndiyo. "Ulirudi jioni?" Ndiyo. "Karatasi hii inasema makubaliano yalifanyika asubuhi?" Ndiyo. Kaa chini. Mgeni wa kazi hii hushindwa kukaa. Huuliza la nne, "Sasa uliwezaje kuona?", na shahidi, aliyekuwa akiisubiri nafasi hiyo, hueleza kwamba malipo yalifanyika siku iliyofuata mbele yake. Ushindi umeondoka kwa swali moja la ziada.

Kuna ustadi mwingine usiofundishika kwa mifano ya kubuni, ule wa kusikia. Kwa bahati mbaya ya historia, watu wa Ngara wana mfano wake jirani. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya takriban saa 24, wakajaa Benaco, hapa Ngara. Novemba 8 mwaka huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio namba 955 na kuunda mahakama ya kimataifa kwa ajili ya mauaji ya Rwanda, ambayo baadaye iliwekwa Arusha. Mshtakiwa mmoja wa mwanzo alikuwa Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa kiongozi wa komuni ya Taba. Kesi ilipoanza kusikilizwa mwaka 1997, hati ya mashtaka haikuwa na neno lolote kuhusu ubakaji. Kisha shahidi mmoja mwanamke, aliyetambulishwa kwa herufi tu, akataja katikati ya maelezo yake kwamba binti yake mdogo alibakwa. Alitaja tu, kama mtu anayepita. Majaji, miongoni mwao Navanethem Pillay, hawakuliacha lipite, waliuliza. Shahidi mwingine akaja na habari za aina hiyo. Juni 1997 waendesha mashtaka wakaibadilisha hati. Hukumu ya Septemba 2, 1998 ikawa ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari, na ya kwanza kusema kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo.

Katika kesi igizo jalada halibadilishwi katikati, hilo najua. Lakini tazama wanafunzi wanavyouliza: shahidi anajibu, wakili ameinamia karatasi anatafuta swali linalofuata. Shahidi angeweza kusema amemuua mtu na wakili angeendelea kuuliza rangi ya shati. Mazoezi ya kwanza ya timu yoyote nzuri hufanyika bila karatasi.

Rufaa igizo ni ulimwengu mwingine. Mashahidi hawamo. Mambo yaliyotokea yameshakubalika na kuandikwa. Kinachobishaniwa ni maana yake kisheria. Desturi hii ni ya zamani, ilianzia kwa wanafunzi wa sheria wa London katika zama za kati, na leo ina mashindano yanayofahamika dunia nzima. Yale ya Jessup, ya sheria za kimataifa, yalianza Marekani mwaka 1960. Ya Afrika, ya haki za binadamu, yanaandaliwa na Chuo Kikuu cha Pretoria tangu 1992 na siku hizi yana jina la Profesa Christof Heyns, aliyefariki mwaka 2021. Katika hayo yote, timu huandaa hoja za pande zote mbili. Asubuhi wewe ni mrufani, mchana ni mjibu rufani. Unasimama mbele ya majaji na dakika zako chache, unasema "Waheshimiwa Majaji", na kabla sentensi ya pili haijaisha mmoja wao anakukatiza kwa swali. Usimwambie kwamba utafika huko baadaye. Mjibu hapo hapo, ndiyo au hapana kwanza, sababu baadaye, kisha rudi ulikoachia. Anayechukia kukatizwa hataipenda mooti. Anayejua kwamba swali la jaji ni dirisha la kuona kinachomtatiza atafika mbali.

Shauri la kujifunzia lipo, na limetoka mkoani kwetu Kagera. Linajulikana kama Ephrahim dhidi ya Pastory. Mwanamke wa Kihaya wilayani Muleba, Holaria Pastory, alirithi ardhi ya ukoo kutoka kwa baba yake kwa wosia. Agosti 1988, akiwa mtu mzima asiye na wa kumtunza, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha kudai mauzo yafutwe, kwani mila za Kihaya, zilizokuwa zimeandikwa rasmi katika tangazo la serikali la mwaka 1963, zilimruhusu mwanamke kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake lakini si kuiuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa. Mahakama ya Wilaya ikakataa, ikategemea haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984. Mpwa akakata rufaa Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya akatoa hukumu inayosomwa hadi leo katika vyuo vya sheria ndani na nje ya Afrika. Alisema kanuni ile ya kimila inambagua mwanamke, na kwamba sheria zilizokuwepo kabla ya haki za binadamu kuingia katika Katiba lazima zisomwe kana kwamba zimerekebishwa zilingane nayo. Mauzo yakabaki halali.

Mwanafunzi, hasa wa kike, akisoma hukumu hii kwa mara ya kwanza hufurahi, nami sioni sababu ya kumzuia. Lakini furaha hiyo haimfai kwenye mooti mpaka amemtetea mpwa. Aseme nini? Kuna cha kusema, tena kingi. Majaji waliotangulia walikuwa wamekiri kwamba kanuni hiyo ni kali kwa wanawake, ila walishikilia kwamba mila ni sheria kama sheria nyingine na haigeuzwi ghafla na mahakama; inageuzwa na wenyewe au na Bunge. Mahakama ikishaanza kusoma sheria "kana kwamba imerekebishwa", mpaka wake ni upi? Na ardhi ya ukoo ina kazi yake: humhifadhi mtoto ambaye hajazaliwa, huzuia mmoja aliyebanwa na shida leo asiwauzie wote kesho yao. Ukiweza kuyasema hayo kwa heshima na nguvu, bila kejeli, ndipo hoja yako ya upande wa pili itakapoacha kuwa kauli mbiu. Nimewasikia wanafunzi wengi wakimtetea Bi Holaria Pastory kwa sauti ya mkutano wa hadhara. Majaji huwasikiliza kwa subira na kuwapa alama ndogo.

Usidhani pia kwamba jambo limekwisha. Wajane wawili wa Shinyanga walipopeleka mahakamani kanuni za urithi za tangazo lile la 1963, ambazo haziwapi wajane urithi kama zinavyowapa ndugu wa mume, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba zinabagua, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilianguka mwaka 2010 kwa sababu za kiufundi. Wakaenda kwa kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati hiyo ikasema Tanzania imekiuka haki zao. Kwa hiyo mjane wetu wa Keza ni mooti iliyo hai. Yeyote atakayelitunga shauri hilo kwa ajili ya mashindano hatahitaji kuongeza chumvi.

Neno kuhusu lugha, kwa sababu najua linawazuia wengi kuandikisha majina. Aliyekulia Keza huzungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, Kiswahili shuleni na sokoni, na Kiingereza cha vitabu akifika sekondari. Akifika chuoni anakuta mooti inafanyika kwa Kiingereza, anawasikia waliosoma shule za ada kubwa wakitiririka, anarudi bwenini. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, na mahakama za mwanzo zimekuwa zikikitumia siku zote. Naona ni aibu kwamba mashindano mengi ya vyuo vyetu hayajaifuata sheria hiyo. Mpaka yatakapoifuata, jenga hoja yako yote kwa Kiswahili kwanza, mifupa na nyama, ndipo uihamishe. Hoja iliyonyooka husimama katika Kiingereza kibovu. Iliyopinda haisimamishwi na Kiingereza kizuri.

Sasa usuluhishi. Katika timu nyingi ndio mtoto wa kambo, wanapelekwa huko wasiofaa kudodosa na wasiojua kubishana. Nasema wazi kwamba huo ni upuuzi. Kwa sheria zetu wenyewe, mashauri mengi hukutana na msuluhishi kabla ya kumfikia mwamuzi. Katiba, tangu mabadiliko ya mwaka 2000, inazitaka mahakama ziendeleze usuluhishi. Tangu 1994 mashauri ya madai katika mahakama za juu hupitia hatua ya usuluhishi kabla ya kusikilizwa. Mfanyakazi aliyeachishwa kazi huanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina siku 30 za kujaribu kupatanisha. Wanandoa hawafiki mahakamani kudai talaka mpaka wamepita kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa na sheria. Na kwenye ardhi, ambako ndiko mgogoro wa Keza uliko, Bunge mwaka 2021 liliyaondolea mabaraza ya kata mamlaka ya kuamua na kuyaachia kusuluhisha peke yake. Siku 30 zikipita bila suluhu, mwenye malalamiko anaendelea mbele hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Chini ya baraza la kata kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, watatu kati yao wanawake, nalo pia kazi yake ni kupatanisha.

Aliyekulia kijijini basi anaijia timu akiwa amekwisha kuona usuluhishi, wakati mwenzake wa mjini hajawahi kuona zaidi ya ugomvi wa wapangaji. Ngara tena imekaa mahali pa pekee: ng'ambo ya mpaka mmoja kuna bashingantahe wa Burundi, wazee wanaoheshimika kwa kupatanisha tangu enzi za wafalme, ng'ambo ya mwingine kuna abunzi wa Rwanda, wapatanishi wanaochaguliwa na jirani zao na wanaotambuliwa kisheria. Mtoto wa Keza anajua bila kufundishwa kwamba mtu huanza mbali, huuliza habari za nyumbani, huacha ukimya ufanye kazi, na kwamba mzee aliyekasirika hajibiwi siku hiyo hiyo.

Ujuzi huo huo pia utamponza. Mzee wa baraza huwajua wote wawili, huijua familia, hukemea, na mwishoni hupendekeza: toa mbuzi, ombeni radhi, mpaka urudi pale. Msuluhishi wa mashindano, na wa sheria za leo, hana mamlaka hayo. Hapendekezi nani ana haki. Kazi yake ni kuwafanya wahusika waone wenyewe wanachoweza kukubaliana. Anawakaribisha, anaeleza taratibu na siri ya kikao, anampa kila mmoja nafasi ya kusema bila kukatizwa. Kisha anarudia alichosikia, kwa maneno yaliyopoa. Shemeji akisema, "Huyu mwanamke anataka kuuza ardhi ya baba yetu kwa wageni," msuluhishi anasema, "Mzee, nimekusikia ukisema jambo kubwa kwako ni ardhi hii isitoke mikononi mwa watoto wa familia. Nimekuelewa vizuri?" Hapo hofu imetenganishwa na tusi. Baadaye anaweza kukaa na kila mmoja faragha, na huko faragha ndiko yanakosemwa yale yasiyosemeka mezani: kwamba shemeji ana deni, kwamba mjane anaogopa kufukuzwa siku mwanawe wa kiume akiondoka kwenda Mwanza.

Umri nao ni mtihani. Kijana wa miaka ishirini na kitu, hata katika maigizo, anasuluhishaje watu wa rika la wazazi wake? Kwa heshima iliyopimwa sawa. Ukimwita mmoja "Mzee", mwenzake aitwe "Mama", tena kila mara. Ukimwamkia mmoja shikamoo, umwamkie na mwingine, kwa sauti ile ile. Ukisema "Mzee" upande mmoja na "wewe dada" upande wa pili, umeshaamua shauri kabla halijaanza, na mama huyo amekwisha kujua. Majaji wa mashindano ya Ulaya hawatalitazama hilo. Wa kwetu watalitazama.

Jambo jingine ambalo msuluhishi hulitazama mapema ni kiti kitupu: nani anayeguswa na mgogoro huu na hayupo mezani? Chukua mazungumzo ya amani ya Burundi, yaliyoanza Arusha Juni 1998 chini ya Mwalimu Nyerere. Alipofariki Oktoba 1999, Nelson Mandela akayashika, na mkataba ukatiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Pande kumi na tisa zilikuwa mezani. Waliokuwa msituni na silaha, wapiganaji wa FDD na wa FNL, hawakuwa sehemu ya makubaliano hayo, na vita viliendelea. Wa kwanza walifikia makubaliano mwaka 2003, wa pili wakasaini kusitisha mapigano mwaka 2006. Miaka yote hiyo kambi ya Lukole, hapa Ngara, iliendelea kuwa na Warundi. Sisemi Mwalimu na Mzee Mandela walishindwa. Mkataba ule ndio uliojenga msingi wa yaliyofuata. Nasema karatasi yenye saini haiwafungi wasioisaini. Kwa mjane wetu, asiyekuwepo huenda ni mtoto wake mkubwa aliye mjini, au dada wa marehemu ambaye hakuna aliyefikiri kumwita.

Nimefika kwenye jambo linalonitatiza, na ambalo ningependa likutatize wewe pia. Fikiria kama shauri la Muleba la mwaka 1988 lingesuluhishwa. Msuluhishi mzuri angeweza kabisa kulimaliza: ukoo unamrudishia mnunuzi pesa zake, unaahidi kumtunza mama, mauzo yanafutwa, chai inanywewa. Watu wote wangerudi nyumbani na nafuu. Na hukumu ya Jaji Mwalusanya isingekuwepo, na wanawake waliokuja baadaye wangekuta kanuni iko pale pale, wakisuluhishwa mmoja mmoja, kila mmoja akishauriwa kukubali kidogo kuliko haki yake kwa ajili ya amani ya familia. Usuluhishi hufanyika gizani kwa makusudi, siri ndiyo nguvu yake; lakini kitu kinachofanyika gizani hakiachi alama kwa wanaofuata. Na penye mmoja mwenye nguvu nyingi na mwingine asiye nazo, neno "tukubaliane" linaweza kuwa jina la heshima la kumshinda mnyonge.

Kwa upande wangu, nikiulizwa kuhusu mjane wa Keza, ningeanza na kikao, kwa kuwa kisima ni kimoja na hukumu haitachimba kingine. Lakini ningeondoka kikaoni mara tu ningeona kwamba anachoombwa akipunguze ni haki aliyopewa na sheria na si upendeleo anaoweza kuutoa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume, kwa masharti yale yale. Kujua sheria hiyo kabla ya kukaa mezani ni kazi ya mooti. Kujua kama karatasi yake ni ya kweli ni kazi ya kesi igizo. Ndiyo maana siafiki timu zinazowagawa wanafunzi siku ya kwanza, huyu wa kudodosa, huyu wa kusuluhisha. Kila mmoja apite kote, angalau mwaka wa kwanza.

Mengine kwa haraka. Si lazima uwe unasomea sheria. Marekani, ambako mashindano ya kesi igizo ya vyuo yamekuwa na chama chake cha kitaifa tangu 1985, wengi wanaoshiriki bado hawajaingia shule ya sheria, na wanaosomea ualimu au ustawi wa jamii mara nyingi huwa wasuluhishi bora. Suti si sharti. Shati safi linatosha, na fedha za suti zinunue nauli ya kwenda Bukoba kukaa siku nzima Mahakama Kuu ukisikiliza, milango iko wazi kwa umma. Hukumu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, hata kwa simu. Ujuzi wenyewe una kazi nyumbani: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na kata zetu zinawahitaji.

Kwa kikao cha kwanza cha timu, soma Ephrahim dhidi ya Pastory kwa ukamilifu, si muhtasari. Andika ukurasa mmoja wa hoja za mpwa. Andika mwingine wa maswali matano ambayo ungemuuliza mnunuzi kizimbani, kila moja likiwa na jambo moja. Kisha, kwenye karatasi ya tatu, orodhesha watu wote ambao ungewaalika kama shauri lile lingeletwa kwako kusuluhishwa, na mbele ya kila jina andika anachokiogopa.